Tulivyopeleka Mimba Msangano

Nyinyi wa bweni letu mnaoniulizia kila mnapokutana na mtu wa kwetu, nimesikia. Wengine mmesema nimeolewa na mzee wa Kizambia. Wengine mmeshanizika kabisa. Basi kaeni niwaeleze, na nitaeleza mara moja tu, kwa sababu kila nikisimulia safari hii moyo unanienda mbio upya.

Ya shuleni siyarudii, mlikuwepo. Mlimwona yule muuguzi alivyotupanga mstari akawa anatubonyeza matumbo mmoja mmoja, na mlimsikia mkuu wa shule kwenye paredi akisema nitazame mbele ili kila mtu anione vizuri. Mlichokuwa hamkijui ni kilichoningoja nyumbani.

Igamba hadi Mlowo

Baba hakunipiga. Anayemfahamu baba ataelewa jinsi nilivyoshtuka. Yeye ni mzee wa kanisa, na mkono wake si mwepesi tu kwa kupokea sadaka. Nilisimama mbele yake nikiwa nimeshakaza mwili, yeye akanyanyuka, akanipita kama anapita gunia la kahawa, akaenda kumtumia salamu dada yake. Kesho yake shangazi Rode akafika kutoka Vwawa. Nilipomwona anashuka na viatu vyake vya safari nikajua nimekwisha.

Shangazi Rode ni mjane, mrefu, mkavu, na anajua desturi za ukoo wetu kuliko wanaume wote wa ukoo. Alinikalisha jikoni akanipa sheria. Katika ukoo wetu, mimba ya binti ambaye hajaolewa hupelekwa kwa mwenyewe. Shangazi anamchukua binti, wanafika kwa akina mvulana, wanasimama mlangoni. Hawakai. Hawali. Hawanywi maji. Wanasubiri wenye nyumba waseme, "Ni yetu." Wakishasema, binti anabaki palepale, shangazi anarudi peke yake.

"Na tukinywa?" nikauliza.

"Ukinywa hata funda moja kabla hawajasema, mimba imerudi kwenu. Umeshakuwa mgeni kama wageni wengine, huna dai. Mtu mzima hawezi kufanya upuuzi huo."

Mwenye mimba mnamjua, ni Shija, yule mrefu aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma walioshuka bonde la Msangano na ng'ombe wao. Nilimwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Akasema atakuja kuongea na baba. Sijamwona tena.

Mama alikuwa anafunga furushi langu bila kunitazama. Nguo zote zikaingia, hata sketi ya shule. Halafu nikaona anakunja blanketi langu, lile la kitandani.

"Blanketi la nini, mama?"

"Bondeni kuna baridi."

Bondeni! Mahali ambapo watu hutoa mikeka nje kwa joto! Nilimtazama mama yangu mzazi akinidanganya mchana kweupe, na ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa ninasindikizwa. Nilikuwa ninaachwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilitaka kitu kimoja tu, nirudi kulala katika nyumba ile.

Mvua zilikuwa zimekata njia ya kushukia bondeni kutoka kwetu, ikabidi tuzungukie Tunduma. Tulipata gari dogo la mizigo lililokuwa linakwenda Mlowo, tukakaa juu ya magunia ya mahindi pamoja na akina mama wa sokoni. Kabla hatujafika mbali likazama kwenye tope. Dereva akatushusha wote tusukume. Nami nikashika bodi kama wenzangu, shangazi akanivuta mkono.

"Wewe kaa pembeni."

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mama, huyo binti mbona ana nguvu kunishinda? Asukume!"

Wote wakageuka. Shangazi Rode, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata wa kumbembeleza mtoto, alimeza mate akasema, "Mwacheni. Amefiwa. Tunakwenda msibani."

Sauti zikashuka papo hapo. "Pole, binti." "Pole sana, Mungu akutie nguvu." Mama mmoja akanifunika khanga yake mabegani. Walisukuma gari lile mpaka likatoka, na mimi nimesimama kando nimevaa khanga ya huruma, nikimwangalia shangazi, naye anaangalia migomba.

Mlowo hadi Tunduma

Uongo wa namna ile ukishaupandisha gari haushuki. Wale akina mama tulikwenda nao hadi Mlowo, na wawili wakaendelea nasi kwenye basi la Tunduma. Wakamweleza kondakta, kondakta akatuhamishia viti vya mbele. Nikapewa ndizi. Nikapewa nusu ya mkate. Kila nilipotaka kuukataa shangazi alinikanyaga kidole cha mguu. Abiria mmoja aliniuliza marehemu aliugua nini, nikaanza kulia kweli, kwa sababu sikuwa na jibu na kwa sababu nilikuwa na mengi ya kulilia. Walisema, "Msimuulize, bado kidonda kibichi."

Tunduma mnaisikia tu. Ni malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, matope meusi, vijana wanakimbia na mafurushi ya kwacha mkononi, na kila mtu anapiga kelele kwa lugha yake. Shangazi alisikia kwamba Shija anabeba mizigo pale mpakani, kwa hiyo akataka tumpate kwanza, tushuke naye bondeni akiri mbele ya wazazi wake. Aliingia katikati ya wale wabadilisha fedha kama anaingia kwenye shamba lake.

"Namtafuta Shija. Msukuma, mrefu."

Kijana mmoja akacheka. "Shija? Mama umechelewa. Amevuka. Nimempakia mwenyewe kwenye treni juzi tu, anakwenda Kitwe huko Zambia, akanipungia mkono. Kwani kakukopa?"

Juzi tu. Alikuwa hapo, mzima wa afya, anacheka na watu, anapunga mkono. Mpaka wakati ule nilikuwa nimemtungia sababu, labda anaumwa, labda amekamatwa. Kumbe alipanda treni. Sikulia hata kidogo, na mpaka leo najishangaa.

Lori la kushuka Msangano lilikuwa halijapata mzigo wa kutosha, tukaambiwa tusubiri. Tulipanga kitanda kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu, chumba kimoja na mfanyabiashara wa Kizambia, mama mnene mchangamfu aliyekuwa amekuja kununua mchele. Aliitwa Bana Chanda. Shangazi alimwambia habari ya msiba kabla hata hajaulizwa, nadhani alishazoea.

Bana Chanda akatoa chupa ya munkoyo, kile kinywaji chao cha mizizi na unga, akanimiminia. Nilikunywa nikasema "natotela", asante yao, kama nilivyosikia watu wakisema, akafurahi sana. Halafu akanitazama nilivyokuwa nimekaa, nilivyoshika kiuno, na nilivyoikimbia sahani ya dagaa wao niliyoletewa. Akacheka hadi kitanda kikalia.

"Mayo," akamwambia shangazi kwa Kiswahili chake cha mpakani, "wewe unasema msiba, msiba. Huyu mwana ana mimba. Si msiba huu!"

Shangazi alikuwa anafungua viatu. Hakuinua kichwa.

"Kwetu ni msiba uleule," akasema.

Bana Chanda akaacha kucheka. Mimi niligeukia ukuta. Nimetukanwa mwaka huu, mnajua, nimeitwa kila jina kwenye paredi na kanisani. Lakini hakuna tusi lililoniingia kama maneno yale yaliyosemwa kwa upole, na mtu anayefungua viatu.

Kushuka bondeni

Lori lilipopata mzigo ulikuwa ni chumvi, sabuni na saruji, nasi juu yake. Shangazi alikaa wima juu ya mfuko wa saruji, mkoba wake magotini, vumbi la saruji likimgeuza mweupe kidogo kidogo. Bado nilikuwa na hasira naye, sikumpangusa.

Mteremko ule jamani. Kuna mahali dereva alisimamisha lori, akashuka akalitazama bonde, akapanda tena akasema, "Wenye dini zao wasali." Akina mama wa Kinamwanga waliokuwa nasi walianza wimbo wa kanisani. Nilidhani ni kwa ajili ya breki. Kumbe ni kwa ajili yangu! Habari ilikuwa imetutangulia kutoka nyumba ya wageni: hawa wawili wana msiba. Walituimbia kuanzia juu mpaka chini, nyimbo za maziko zote, na tulipokwama kwenye kijito wakaendelea kuimba huku wanachoma mahindi. Nilikula mahindi ya kuchoma ya kifo cha mtu ambaye hayupo.

Kati ya abiria kulikuwa na baba mmoja Msukuma, mwenye kofia na baiskeli aliyoifunga pembeni ya lori. Alikuwa mpole. Alinipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akaniambia nitafune taratibu vitanisaidia. Kisha akamgeukia shangazi.

"Mama, mnakwenda msiba wa wapi? Mimi huku nawajua wote."

Lori likaruka shimo, sote tukashikana. Nadhani shangazi alitafuta jina la uongo akalikosa, maana kule bondeni hakumjua mtu. Mwishoni akauliza tu, kwa sauti ya kuepa, "Boma la mzee Maduhu ni mbali?"

Yule baba akavua kofia. "Kwa mzee Maduhu?" Akaitazama khanga yangu ya kujifunika, akanitazama usoni. "Ni yule kijana wao? Yule aliyesoma huko juu kwenu?"

Nilimtazama shangazi. Shangazi alinitazama mimi. Mimi nilidhani anauliza kama mvulana wetu ni Shija, na shangazi alidhani vilevile. Kwa hiyo tukaitikia kwa kichwa wote wawili kwa pamoja.

Tulipofika kituoni Msangano alifungua baiskeli yake kwa haraka ambayo sikuielewa, akapanda akapotea na njia ya mashamba ya mpunga.

Kwa miguu

Tulionyeshwa njia. Jua la kule halina adabu, linakukalia kichwani. Maji tuliyobeba kutoka Tunduma yaliisha mapema, na shangazi hakutaka tuombe kwenye boma lolote. Alisema tusianze kuzoea kunywa kwa watu. Midomo yake ilianza kupasuka. Miguu ilivimba akavua vile viatu vya safari, akavibeba mkononi.

Tulipumzika kwenye kichuguu. Nikamuuliza nilichokuwa nakiogopa.

"Shangazi, wakikubali, utaondoka lini?"

"Hapohapo."

"Hata hulali?"

"Nikilala utanishika nguo kukicha. Mimi niliachwa Isongole, kwa Wandali, sijui neno moja la lugha yao. Shangazi yetu alipogeuka hakuangalia nyuma. Ndivyo inavyofanywa."

Nilishtuka. Baba hakuwahi kutuambia, wala mama. Nilikuwa nadhani shangazi alizaliwa akiwa mjane na anajua sheria.

"Ukazoea?"

"Nilizoea."

"Ilichukua muda gani?"

Akainuka akaanza kutembea. Njiani akanikumbusha tena: usikae, usile, usinywe, nyamaza, mimi ndiye nitakayesema.

Bomani kwa mzee Maduhu

Boma lilikuwa kubwa, nyumba kadhaa za nyasi na moja ya bati, zizi katikati limezungushiwa miiba. Nilitegemea mbwa na watoto. Badala yake niliona wanaume wamesimama zizini kimya, wameshika kofia mikononi. Na kwenye ukuta wa nyumba ya bati imeegemezwa ile baiskeli.

Hata hapo sikuelewa. Nasema kweli, sikuelewa. Niliona tu kwamba wanatungoja, nikaona aibu.

Mwanamke wa makamo akatoka nyumba ya bati, mwembamba, kichwa hakina kilemba, akatujia akiwa na kata ya maji mkononi. Uso wa Shija mtupu, ila wa kike. Akapiga goti mbele ya shangazi, akatandika ngozi ya ng'ombe chini.

"Karibuni wageni. Kaeni, mayu, mama yangu. Mnywe maji kwanza."

"Tunashukuru," shangazi akasema. "Hatukai."

Yule mama akaisogeza kata karibu zaidi na mdomo wa shangazi. "Basi kunyweni mkiwa mmesimama."

"Hatunywi. Tumekuja na neno. Tunalisema tukiwa tumesimama."

Jamani. Huko kwao, nimekuja kuambiwa baadaye, mgeni hunyweshwa na kulishwa kwanza hata kama ni adui, hadi ashibe ndipo anaulizwa kilichomleta. Mtu mmoja tu ndiye anayekataa kukaa na kukataa maji. Ni yule aliyetumwa kuleta habari ya kifo. Na yule baba wa baiskeli alikuwa ameshawatangulizia kwamba watu wa msiba wanakuja, msiba wa kijana wenu.

Kata ilimwanguka. Yule mama alitoa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu, akajitupa chini pale kwenye maji yaliyomwagika. "Shija! Shija ng'wanawane, mwanangu! Wamemuua Shija wangu huko!" Wanawake wakatoka kila nyumba wakipiga mayowe. Mzee Maduhu, mzee wa watu mwenye mvi, alikaa chini pale zizini kama miguu imekatwa. Akatoka bibi mmoja akijipiga kifua, na watoto nao wakalia kwa sababu wakubwa wanalia.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa amekauka. Mdomo umefunguka, midomo imepasuka. Yeye aliyekuja na maneno yote ya ukoo, hakuwa na hata moja.

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Mama, Shija hajafa! Amepanda treni! Yupo Kitwe!"

Nani wa kunisikia? Yule mama alikuwa anajikuna uso kwa kucha, damu inatoka. Nilimshika mikono akanisukuma. Walimwona mtu wa msiba anajaribu kumfariji mwenye msiba, basi wakalia zaidi.

Ndipo nilipoona mtungi mlangoni. Nilikwenda, nikaokota ile kata, nikachota maji, nikarudi nikakaa. Nilikaa juu ya ile ngozi, mbele ya uso wake kabisa, nikanywa mpaka kata ikaisha, nikamwonyesha ndani kwamba imeisha.

Mayowe yalikatika kama yamekatwa na panga. Yule mama akaniangalia, kamasi na damu usoni.

"Umekunywa," akasema.

"Nimekunywa, mama. Hakuna aliyekufa. Shija yu hai. Nina mimba yake, ndiyo habari tuliyoleta."

Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Akanishika kichwa akakikumbatia tumboni mwake hadi nikakosa pumzi. "Wabeja, wabeja! Asante! Mimba! Ni mimba tu! Mzee, inuka, ni mimba!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Sikilizeni: vigelegele. Kwa mimba ileile iliyonitoa shule, iliyomfanya baba yangu asinitazame, watu nisiowajua walipiga vigelegele.

Shangazi alikuwa bado amesimama. "Lidia," akasema polepole. "Unajua ulichofanya?"

Nilijua. Kata ile ya kwanza niliinywa kwa ajili ya yule mama, sikufikiri kitu kingine, naapa. Lakini maneno ya shangazi yalinikumbusha sheria. Hakuna aliyekuwa amesema bado "Ni yetu." Nilisimama, nikaenda tena mtungini, nikachota ya pili, nikainywa taratibu nikimtazama shangazi machoni. Hiyo niliinywa kwa ajili yangu.

Jioni bomani

Walichinja kuku. Ulikuja wali, ukaja ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na mimi nilikula kama sijawahi kuona chakula. Shangazi alikaa sasa, hakukuwa na sababu ya kusimama tena, lakini hakugusa kitu. Mzee Maduhu alikuwa haelewi.

"Mama, mtoto ni wetu. Sikatai. Nimesema mbele ya wote. Abaki hapa, ng'ombe watapanda kwenu kwa heshima."

"Umesema kwa kuchelewa, baba. Alikuwa ameshakunywa. Imerudi kwetu."

"Kunywa maji kumekuwa kosa?"

"Kwetu, ndiyo."

"Na kwetu kutokunywa ndiko kulikotaka kuniulia mke," mzee akasema, na watu wakacheka kidogo, ila yeye hakucheka. Waliendelea hivyo, huyu anatoa, huyu anakataa kupokea. Walinizungumzia kama ndama aliyekutwa kwenye zizi la jirani.

Mama Shija alikuwa amekaa karibu yangu, uso wake umepakwa samli kwenye mikwaruzo. Akanigeuza kidevu.

"Wewe mwenyewe, binti. Unataka nini?"

Jamani, nyinyi mnajua. Tangu muuguzi aliponibonyeza tumbo, mpaka siku ile bondeni, hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza. Nilishtuka hadi wali ukanipalia. Ilibidi wanipige mgongoni.

"Nataka kurudi nyumbani," nikasema.

Nilidhani atakasirika. Alinitazama, akafuta macho. "Utarudi. Lakini mtoto akizaliwa uniletee habari, hata kama ni kwa mdomo wa mtu. Usiniache tena nidhani mabaya." Nikaahidi. Kesho yake asubuhi mzee Maduhu mwenyewe alitusindikiza kituoni, na yule baba wa baiskeli alibeba furushi langu, akiomba radhi njia nzima.

Kurudi Igamba

Shangazi hakunisemesha. Tunduma alinunua chai akaniwekea kikombe mbele bila kunitazama. Mimi nilikuwa na furaha niliyoificha. Nilikuwa narudi! Nilijua baba atafoka, nilijua nitalimishwa kahawa hadi mikono ichubuke, nilikuwa radhi. Tulipokaribia kwetu nilitangulia mbele, nikaanza kukimbia na furushi langu kichwani.

Mama alikuwa anaanika maharage uani. Aliinua kichwa akaniona. Nilimwona akifungua mdomo nikadhani ataita jina langu. Akanipita kwa macho, akamtazama shangazi nyuma yangu.

"Mbona umerudi naye?"

Nilisimama. Furushi likaniteremka.

Nilichungulia chumbani. Kitanda changu kilikuwa kimeondolewa, magunia ya mahindi yamepangwa hadi dirishani. Baadaye nilisikia kwamba Jumapili ile baba alikuwa ameshatangaza kanisani kuwa nimeolewa bondeni, na waumini wakampongeza.

Baba alitoka ndani akiwa na shati lake la kanisani. Hakuuliza kama tumechoka. Anazijua sheria kama dada yake, na anajua ni kitu gani pekee kinachorudisha mimba nyumbani.

"Nani alikunywa?"

Nilifungua mdomo nijibu. Nilikuwa tayari, hata kupigwa. Lakini shangazi Rode alinitangulia, akasimama kati yetu, viatu mkononi, saruji ingali kwenye mikunjo ya gauni lake.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa na kiu."

Baba alimtazama dada yake. Shangazi Rode! Midomo yake ilikuwa bado imepasuka, kila mwenye macho aliona kwamba mwanamke yule hakuwa amekunywa kitu bondeni. Nadhani hata baba aliona. Lakini angesemaje?

"Basi mzigo ni wako," baba akasema.

"Ni wangu."

Shangazi akageuka kuondoka. Nami nikageuka, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Mama aliendelea kutandaza maharage, mikono yake ikienda haraka kuliko kazi ilivyotaka. Tulipokuwa tumeshafika barabarani nikamwambia shangazi asante.

"Asante ya nini?" akasema. "Okota furushi vizuri, blanketi linaburuta."

Ninaishi kwake Vwawa, nyuma ya soko. Mkija, ulizeni nyumba ya Rode. Igamba msiende kuniulizia, watawaambia nimeolewa.